Hati Safi na Mto Safi: Namna ya Kusoma Hesabu za Taasisi Zinazolinda Mazingira Tanzania

Mwezi Mei 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambalo wengi wanalijua kwa kifupi chake cha NEMC, lilitangaza kuutoza mgodi wa dhahabu wa North Mara, uliopo Nyamongo wilayani Tarime, faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa madai ya uchafuzi uliohusishwa na bwawa lake la topesumu. Makala haya hayaingii katika mabishano ya nani alikuwa na haki. Yanaitumia faini ile kama mlango wa kuingilia katika jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wahasibu peke yao: taasisi ya serikali inayolinda mazingira inapopata fedha, iwe faini, ada, ruzuku ya Hazina au msaada wa wafadhili, inawajibika kuandika nini, kumpelekea nani na kwa tarehe ipi, na mwananchi anayeishi kandokando ya Mto Tigithe, unaopeleka maji yake Mto Mara, ataiona wapi hesabu hiyo.

Fundo la kwanza ni kwamba fedha za mazingira Tanzania Bara hazikai kwenye mkoba mmoja. NEMC lilianzishwa mwaka 1983, likaundwa upya na kupewa meno zaidi na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, na limekuwa chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais, ambayo katika vitabu vya bajeti ni Fungu 31, yaani namba ya sehemu yake ya bajeti. Misitu ya hifadhi ya serikali kuu iko mikononi mwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, ambayo ni Fungu 69. Mito na maziwa yana bodi za maji za mabonde, zilizo chini ya Wizara ya Maji, Fungu 49. Taka za mijini ni mzigo wa halmashauri, ambazo hukaguliwa na kuandikiwa ripoti ya peke yake. Zanzibar nayo ina mamlaka yake ya mazingira na mkaguzi wake mkuu wa hesabu, kwa kuwa mazingira si jambo la Muungano. Kwa hiyo anayeuliza serikali ilitumia kiasi gani kulinda mazingira katika mwaka fulani lazima afungue vitabu vinne au vitano na kujumlisha mwenyewe. Kutawanyika huko kuna sababu zake za kiutawala, lakini athari yake ni kwamba swali rahisi kuliko yote ndilo gumu kuliko yote kujibu.

Hata hivyo, taasisi hizi zote zinapita katika mkondo mmoja wa uwajibikaji, na mkondo huo haubadiliki taasisi inapobadilishwa jina au hadhi. Kila taasisi ina Afisa Masuuli, ambaye kwa kawaida ndiye mtendaji wake mkuu, na yeye binafsi ndiye anayejibu kwa kila shilingi iliyoingia na kutoka. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni. Chini ya Sheria ya Fedha za Umma ya mwaka 2001, hesabu za mwaka zinapaswa kuwa zimekamilika na kufika kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, ndani ya miezi mitatu, yaani kufikia tarehe 30 Septemba. Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008 inampa CAG hadi tarehe 31 Machi ya mwaka unaofuata kukabidhi ripoti zake kwa Rais. Kisha Ibara ya 143 ya Katiba inataka ripoti hizo ziwasilishwe bungeni katika kikao cha kwanza kinachofuata, kabla ya kupita siku saba tangu kikao hicho kuanza. Na Rais asipochukua hatua hiyo, CAG mwenyewe anazipeleka kwa Spika. Kifungu hicho cha mwisho kina uzito mkubwa kuliko urefu wake, kwa sababu kinafunga mlango ambao ripoti isiyopendeza ingeweza kufungiwa nyuma yake.

Tukiirudia faini ya Nyamongo kwa kalenda hiyo, picha inakuwa wazi. Ilitangazwa Mei 2019, ndani ya mwaka wa fedha wa 2018/19. Hesabu za mwaka huo zilipaswa kumfikia mkaguzi kufikia mwisho wa Septemba 2019, ripoti kumfikia Rais kufikia mwisho wa Machi 2020, na umma kuisoma katika mwezi wa Aprili. Ni takriban miezi kumi na mmoja tangu tangazo, na mahojiano ya kamati ya Bunge na Afisa Masuuli hufuata baada ya hapo. Kwa majirani zetu wa Kenya, Ibara ya 229 ya Katiba ya mwaka 2010 inamtaka Mkaguzi Mkuu amalize kazi ndani ya miezi sita, yaani kufikia mwisho wa Desemba, na Bunge lijadili ripoti ndani ya miezi mitatu baada ya kuipokea. Muda wa Tanzania ni mrefu zaidi kwa miezi mitatu, na katika mambo ya maji na udongo miezi mitatu si kitu kidogo.

Sasa tuingie ndani ya hesabu zenyewe, kwa sababu ndiko wasomaji wengi wanakopotelea. Tangu tarehe 1 Julai 2012 serikali ya Tanzania iliamua kuandaa hesabu zake kwa Viwango vya Kimataifa vya Uhasibu katika Sekta ya Umma, IPSAS, kwa misingi ya akruo. Maana ya akruo ni kwamba tukio linaandikwa pale haki au wajibu unapozaliwa, bila kusubiri fedha zipite mkononi. Kiwanda kilichopelekewa ankara ya ada ya mwaka mwezi Machi na kisicholipa hadi Oktoba kinaonekana katika mapato ya mwaka ulioishia Juni, na papo hapo kinaonekana katika orodha ya wadaiwa. Msomaji anayeona mapato yamepanda asifurahi haraka. Afungue maelezo ya hesabu, yale yanayoambatana na taarifa kuu kwa namba, aangalie wadaiwa wameongezeka kwa kiasi gani, na taasisi imetenga kiasi gani kwa madeni inayodhani hayatalipwa. Mapato yakipanda na wadaiwa wakapanda kwa kasi ileile, kilichoongezeka ni karatasi.

Faini ina ugumu wake wa ziada. Viwango vinataka iandikwe kama mali ya taasisi pale inapokuwa dai linaloweza kutekelezwa kisheria, pale kuna uwezekano mkubwa wa fedha kupatikana, na pale kiasi chake kinaweza kupimwa kwa uhakika. Aliyetozwa akikata rufaa, na sheria ya mwaka 2004 inaweka hata Baraza la Rufaa la Mazingira kwa ajili hiyo, masharti hayo yanayumba. Hivyo kiasi kinachotangazwa mbele ya kamera, kiasi kinachoandikwa kwenye hesabu na kiasi kinachoingia benki vinaweza kuwa vitu vitatu tofauti, bila mtu yeyote kuwa amefanya udanganyifu. Uwazi wa kweli ungekuwa kuviweka vyote vitatu katika jedwali moja: faini zilizotozwa, zilizopunguzwa au kufutwa na kwa sababu gani, zilizolipwa, na zilizobaki. Hesabu zinazofuata viwango hazilazimiki kuonyesha jedwali kama hilo kwa kila mtozwaji, na kwa maoni yangu hilo ni pengo kubwa kwa taasisi ambayo kazi yake ni kuadhibu. Faini inayofutwa kimyakimya huenda isiwe na athari yoyote kwenye salio la benki, lakini ina athari kwa mto.

Amana ya mazingira ni jambo jingine linalochanganya. Sheria zinaruhusu wenye miradi mikubwa, hasa migodi, kuweka dhamana ya kurekebisha ardhi watakapofunga shughuli. Ikiwa dhamana hiyo ni fedha taslimu, taasisi inayoishika haijapata chochote. Imetunziwa tu mali ya mwingine kwa sharti. Mahali pake pa haki ni upande wa madeni, kando ya fedha zilizotengwa kwa ajili hiyo. Ikiwa ni dhamana ya benki, haionekani kwenye salio kabisa, na msomaji ataikuta katika maelezo ya hesabu tu. Kwa mwananchi, swali la msingi ni kama kiasi kilichoshikwa kinalingana na gharama halisi ya kuziba mashimo na kudhibiti maji yenye sumu mgodi utakapoondoka. Swali hilo halijibiwi na mhasibu, linahitaji mhandisi.

Neno linalosikika zaidi kila Aprili ni hati. Mkaguzi akiridhika kwamba hesabu zinaonyesha hali halisi katika mambo yote ya msingi, anatoa hati inayoridhisha, ambayo mtaani inaitwa hati safi. Akikuta eneo fulani lenye kasoro kubwa lakini lisiloharibu picha nzima, anatoa hati yenye shaka. Kasoro zikiwa zimeenea kiasi cha kuzifanya hesabu zipotoshe, anatoa hati isiyoridhisha, ndiyo hati chafu ya mazungumzo ya kawaida. Na akinyimwa au kukosa nyaraka za kutosha, anaeleza kwamba ameshindwa kutoa maoni. Viongozi wa taasisi hupenda kuitaja hati safi kama cheti cha tabia njema. Sivyo ilivyo. Mkaguzi hupima sampuli, si kila vocha, na huangalia makosa yenye uzito wa kubadilisha uamuzi wa msomaji. Taasisi inaweza kupata hati safi na wakati huohuo ikawa na kurasa nyingi za hoja za ukaguzi kuhusu manunuzi yasiyofuata taratibu, masurufu (fedha anazotangulizwa mtumishi kwa kazi fulani) yasiyorejeshwa au madeni ya muda mrefu. Anayeishia kwenye ukurasa wa hati amesoma jalada tu.

Tuchukue mfano wa kufikirika ili jambo hili likae sawasawa. Taasisi imepanga kukagua viwanda 1,000 kwa mwaka. Hazina inaipa fedha za kutosha viwanda 400. Inakagua 400, inaweka stakabadhi zote, inalipa posho kwa viwango halali, na hesabu zake zinafika kwa mkaguzi tarehe 30 Septemba bila dosari. Hati yake itakuwa safi, na itastahili kuwa safi. Viwanda 600 havikuonwa na mtu, na hakuna mstari katika taarifa ya mapato na matumizi unaolia kwa sababu hiyo. Mahali pa karibu zaidi ambapo dalili inaonekana ni taarifa ya ulinganifu wa bajeti na matumizi halisi, ambayo viwango vya IPSAS vinaitaka. Hapo safu ya bajeti iliyoidhinishwa inasimama kando ya safu ya fedha zilizotumika, na maelezo ya tofauti yanapaswa kuandikwa. Ningemshauri msomaji mwenye saa moja tu aitumie nusu yake kwenye taarifa hiyo.

Kwa ajili ya viwanda vile 600 kuna aina nyingine ya ukaguzi, nayo ni ukaguzi wa ufanisi. Sheria ya mwaka 2008 inamruhusu CAG kuuliza kama fedha zilileta matokeo: je, kazi ilifanyika kwa tija, kwa gharama inayofaa, na ikafikia lengo? Duniani kote wakaguzi wakuu wameichukulia mazingira kama uwanja maalumu wa kazi hiyo, na tangu 1992 umoja wao wa kimataifa una kikundi cha kudumu kinachoshughulikia ukaguzi wa mazingira. Ofisi ya CAG ya Tanzania imewahi kufanya ukaguzi wa ufanisi katika uvunaji wa misitu na katika usimamizi wa mazingira migodini. Ripoti hizi hazipati kelele za Aprili, labda kwa sababu hazina bilioni za kutangaza katika kichwa cha habari, lakini ndizo zinazomweleza mwananchi kama mkaguzi wa mazingira alifika kwenye bwawa, alifika mara ngapi, na alichokiandika kilifuatiliwa na nani.

Nimeacha kwa makusudi hadi hapa swali la fedha za faini na ada ni za nani, kwa sababu jibu lake linagusa dhamira ya taasisi nzima. Malipo kwa taasisi za umma sasa hufanywa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa serikali wa malipo ya kielektroniki, GePG, ulioanza kutumika mwaka 2017, na hilo limepunguza sana nafasi ya afisa kupokea fedha mkononi na kuandika stakabadhi anayoijua yeye. Ni hatua ya kupongezwa bila masharti. Lakini mfumo unaonyesha tu kwamba shilingi imefika. Hauamui itumike vipi. Kuna njia mbili. Katika njia ya kwanza, taasisi inabaki na mapato yake na kuyatumia kwa bajeti iliyoidhinishwa, huku ikichangia Mfuko Mkuu wa Hazina. Sheria inayomhusu Msajili wa Hazina imeweka kiwango cha asilimia 15 ya mapato ghafi. Katika njia ya pili, mapato yote yanapelekwa Hazina na taasisi inasubiri mgawo wake. Sheria ya Fedha ya mwaka 2020 ilihamishia mapato ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA) katika njia hii ya pili, yakikusanywa na Mamlaka ya Mapato.

Kila njia ina hatari yake kwa taasisi ya udhibiti. Inayobaki na mapato yake inajikuta inaishi kwa ada za wale inaowasimamia. Ikifunga kiwanda kinachochafua, inapoteza mlipaji. Ikikitoza faini ndogo kila mwaka na kukiacha kiendelee, inapata chanzo cha mapato kisichokauka. Sisemi kwamba ndivyo wafanyavyo watumishi wetu. Nasema kwamba hesabu zinapaswa kuandikwa kwa namna inayomwezesha mtu wa nje kuona kama mwelekeo huo upo, kwa kutenganisha ada za vyeti, ada za kila mwaka na faini, na kwa kuonyesha ni wangapi waliotozwa zaidi ya mara moja kwa kosa lilelile. Mchango wa asilimia 15 unaongeza uzito wa hoja hii, kwa kuwa unakatwa kwenye mapato ghafi bila kujali kama kuna ziada. Kanuni za ada na tozo za mazingira zimerekebishwa zaidi ya mara moja tangu 2008, na kila marekebisho yanagusa pande mbili kwa pamoja: gharama za mfanyabiashara, na mafuta ya gari la mkaguzi. Kwa upande wa njia ya pili, hatari ni nyingine: fedha zikichelewa kutoka Hazina, doria inasimama na moto wa msituni hausubiri mgawo wa robo inayofuata.

Fedha za wafadhili zina mkondo wao. NEMC lilithibitishwa na Mfuko wa Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi, ule ulioundwa chini ya Itifaki ya Kyoto, kutekeleza miradi nchini. Miradi ya namna hiyo huwa na akaunti zake, hesabu zake na ripoti zake kwa mfadhili, na CAG huitolea ripoti ya miradi ya maendeleo. Matokeo yake ni kwamba mradi wa miaka mitano katika pwani moja unaweza kuelezwa kwa kina kuliko kazi ya kila siku ya ofisi ya kanda inayohudumia mikoa mizima.

Sheria ya mwaka 2004 inataka pia kuwe na ripoti ya hali ya mazingira ya nchi kila baada ya miaka miwili. Ripoti ya tatu katika mfululizo huo ilitoka mwaka 2019, miaka 15 baada ya sheria kupitishwa. Hapo kuna ukosefu wa mizani ambao nadhani haujasemwa vya kutosha. Hesabu za fedha zina tarehe, mkaguzi, ibara ya Katiba na kamati ya Bunge inayomsubiri Afisa Masuuli. Hesabu ya maji, hewa na miti haina mkaguzi anayeibishia hodi tarehe 30 Septemba. Bodi ya kimataifa inayotunga viwango vya IPSAS imeanza kulitazama pengo hilo, na mwezi Oktoba 2024 ilitoa rasimu ya kiwango kinachozitaka taasisi za umma zieleze mambo yanayohusiana na tabianchi katika taarifa zao. Lakini hata kiwango cha namna hiyo hakiwezi kuchukua nafasi ya sampuli ya maji iliyochukuliwa, kupimwa na kutangazwa.

Wakati huohuo kuna chombo ambacho tayari kipo mkononi mwa raia na hakitumiki ipasavyo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, inampa kila raia wa Tanzania haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma kwa maandishi, na inaipa taasisi siku 30 kujibu. Akinyimwa, anastahili kuelezwa sababu. Sheria ya mazingira yenyewe inatambua uhuru wa kupata taarifa za mazingira. Mkazi wa Nyamongo hahitaji kuwa mhasibu ili aandike barua moja inayouliza mambo manne: faini iliyotangazwa Mei 2019 ilirekodiwa kwa kiasi gani na katika mwaka gani wa fedha, ni kiasi gani kililipwa na kwa tarehe zipi, iwapo sehemu yoyote ilipunguzwa au kufutwa ni nani aliyeamua na kwa kifungu gani, na ni sampuli ngapi za maji ya Tigithe zimepimwa tangu siku hiyo pamoja na majibu yake. Maswali matatu ya kwanza yanajibika kutoka kwenye daftari la mapato. La nne litaonyesha kama kuna daftari jingine.